Somo: Pima EGR ya 1KD kabla hujanunua valvu mpya

Wakuu, Hiace au Prado ya injini ya 1KD (dizeli ya Toyota) ikianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, mafundi wengi hukimbilia nozeli (zinazopulizia dizeli), au wanaziba EGR, yaani valvu ya kurudisha moshi, kwa kipande cha bati. Tafadhali tupime kwanza.

EGR hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini ili joto la mwako lishuke. Ikiganda wazi, injini inakosa hewa safi. Ikiziba, mara nyingi utaona taa ya injini tu.

Hatua ya 1: Soma kodi za hitilafu kwa mashine ya kupimia. P0401, moshi unaorudi ni mdogo. P0402, umezidi. P0403 ni umeme, kwa hiyo anza na plagi na waya kabla ya kushika spana.

Hatua ya 2: Hapa ndipo penye jibu. Injini ikishapata moto, iache sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), fungua data za sensa ya hewa kwenye mashine, kisha amuru EGR ifunguke. Kiasi cha hewa lazima kishuke, maana moshi umechukua nafasi yake. Kikishuka, halafu kikapanda ukiifunga, EGR ni nzima, tafuta kwingine. Kisiposhuka, valvu haifunguki au njia imeziba. Kikiwa chini muda wote, hakikisha filta na sensa ni safi, ndipo uishuku valvu kuganda wazi.

Hatua ya 3: Kwa valvu ya vakyumu (inayofunguliwa kwa kufyonzwa hewa), chomoa mpira wake wa hewa, unganisha pampu ya mkono kwenye valvu, uvute. Vakyumu isiposhika, diafragmu (utando wa ndani ya valvu) imetoboka, na kusafisha hakutasaidia.

Hatua ya 4: Injini ikipoa, fungua valvu ya EGR, kwangua masizi, ifunge na gasketi mpya.

Maswali

*Fundi, nikiziba kwa bati kuna ubaya gani?*
Hewa chafu inaongezeka, na kompyuta isipoona hewa ikishuka itawasha P0401.

*Mkuu, nilisafisha, imeziba tena mapema. Kwa nini?*
Masizi yakikutana na mvuke wa oili hugeuka kama lami. Kagua bomba la kupumulia injini na tabo (tebo inayosukuma hewa kwenye injini), halafu pima nozeli.

*Yangu ni ya petroli, dalili ni hizohizo?*
Hapana. Ikiganda wazi hutetemeka au kuzima ikiwa sailensi. Ikiziba, injini inaweza kugonga ukikanyaga mafuta mlimani.