Mishiri Hukataliwa Shambani Kabla ya Kufika Uwanja wa Ndege

Mkulima akisikia mzigo wake wa mishiri, yaani maharagwe machanga ya kijani yanayoliwa na maganda yake, umekataliwa, humlaumu broka, dereva aliyechelewa au wakaguzi wa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Mara nyingi kosa lilishafanyika wiki mbili nyuma, siku dawa ilipopigwa. Kwa hiyo ninyi wa Mwea, Thika na Limuru mnaoleta mazao Nairobi yasafirishwe ng'ambo, tuanze na dawa.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere kutoka Kenya zipimwe, baada ya mabaki ya dimethoeti, dawa ya kuua wadudu, kupatikana mara kwa mara. Walioumia sana ni wakulima wadogo, maana kampuni nyingi ziliona ni rahisi kusimamia mashamba machache makubwa kuliko mamia ya vipande vya robo ekari. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mkulima mdogo anaweza kabisa kutimiza masharti akielekezwa mapema. Na masharti ni makali: dawa ambayo haijawekewa kiwango chake, Ulaya hairuhusu mabaki yake yazidi miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mazao.

Ugumu wa mishiri uko kwenye uchumaji. Huanza takriban siku 45 hadi 50 baada ya kupanda, kisha unachuma kila baada ya siku mbili tatu, wiki baada ya wiki. Sasa lebo ikisema usubiri siku 14 baada ya kupiga, utasubirije? Maganda yatanenepa, na mnunuzi wa daraja la juu kabisa hataki yazidi milimita 6. Dawa ya namna hiyo ipigwe mapema, kabla ya maua, au iachwe kabisa. Uchumaji ukianza, tumia ile ya kusubiri siku chache tu, tena iliyoruhusiwa kwa mishiri na yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za kilimo. Usikubali dawa iliyopunguziwa kwenye chupa ya soda, hata kama mwenye agroveti ni jirani yako. Tundika mitego ya gundi ya buluu kwa ajili ya thiripsi, wadudu wadogo wanaoharibu maua na maganda, na usipande mishiri mpya kando ya ile iliyozeeka.

Kisha andika. Tarehe, jina la dawa, kipimo, kipande cha shamba, aliyepiga, na siku ya kwanza ya kuchuma. Andika jioni ileile, si siku mkaguzi anapokuja. Mzigo ukipatikana na tatizo, daftari ndilo litakaloonyesha ni kipande gani kiondolewe, badala ya kikundi kizima kufungiwa.

Asubuhi chuma umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, weka kwenye kreti kivulini, na usirundike kwenye gunia.

Wapo pia wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka, hasa akina mama wanaoleta vitunguu na nyanya za Tanzania hadi soko la Marikiti, Nairobi, kupitia mpaka wa Namanga. Wengi hudhani forodha ni ya wenye malori, wakafuata njia za panya, ambako mzigo hunyang'anywa na hakuna pa kushtaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000: ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha ya pamoja, unajaziwa cheti kilichorahisishwa cha uasili, kinachoonyesha bidhaa ilikozalishwa, hapo hapo mpakani, na hulipi ushuru wa forodha. Huhitaji kumlipa wakala.

Lakini cheti hicho hakiondoi masharti ya afya ya mimea. Waulize KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla hujanunua, kwa maana ukishafika mpakani na nyanya zilizoiva, kila saa ya kusubiri ni hasara. Dai risiti kwa unayenunua kwake pia, upate cha kuonyesha afisa anapokadiria thamani ya mzigo wako.