Usiingize Gtk kwenye faili la hesabu
Ukiandika programu ya Python yenye madirisha ya GTK (maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, ambayo kwenye Python huitwa Gtk), faili la hesabu liandikie `from gi.repository import GObject, Gio` tu. Gtk ibaki kwenye faili la dirisha. Nimelibaini hili juzi nikihamishia programu ya mizani ya viazi, hapa Uyole, kwenye seva isiyo na skrini. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha python3-gi hubeba GObject (mfumo wa vitu na ishara), ila Gtk 3 huja na kifurushi chake, gir1.2-gtk-3.0, na seva haina haja nacho. Uzito wa gunia ukibadilika, faili la hesabu, yaani kiini cha programu, linatoa ishara kwa `emit`, dirisha linaipokea kwa `connect`. Kiini hakijui nani anasikiliza, na uzuri wote uko hapo: unajaribu hesabu zako bila kufungua dirisha hata moja.

Mbinu hii inagoma data zikikaa kwenye Gtk.ListStore (orodha ya data ya Gtk), maana hiyo inaivuta Gtk yote. Hamia Gio.ListStore; TreeView (jedwali la Gtk) haiipokei, kwa hiyo kwenye dirisha tumia ListBox (orodha ya safu) na `bind_model`. Ishara ikitoka kwenye thredi nyingine (mkondo wa kazi unaoenda sambamba), dirisha liguse kupitia GLib.idle_add.