Kabla Hujaivuta Boti ya Tanga Uliyoikuta Ufuoni

Boti iliyolala kwenye mafunjo ya Dunga, karibu na Kisumu, huenda haikutelekezwa na mtu. Magugu maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, hayana kwao. Upepo ukigeuka yanahama, na chombo kilichonaswa humo kinahama nayo. Mwenyewe anaweza kuwa ng'ambo, Kendu Bay au Asembo, bado anaitafuta.

Kwa hiyo usianze na kamba, anza na maswali. Piga picha kila upande, kisha sugua ukoga taratibu pale omo, yaani mbele ya boti, kwa maji na kitambaa, kwa sababu boti za uvuvi hupakwa namba ya usajili ubavuni na msasa utaifuta. Namba hiyo ipeleke kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo huo. Kamati hizi zina kanuni zake tangu 2007 na ndizo zinazojua boti ya nani ni ipi. Kama haina namba wala jina, piga ripoti kwa chifu na polisi, uondoke na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mwenyewe akipatikana, andikianeni hati ya mauzo mbele ya mashahidi, kwani utaihitaji ukienda kuisajili. Na ukiambiwa mwenyewe alizama, basi usitaje bei hapo ufuoni: nenda kwa familia, usikilize kwanza.

Ruhusa ikipatikana, chukua bisibisi. Ziwani hamna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini pia hamna chumvi ya kuzihifadhi, na maji ya mvua yakituama ndani ya boti huiozesha kuliko ziwa lenyewe. Dunga kwa bisibisi pale mataruma (mbavu za boti) yanapokutana na mkuku (uti wa mgongo wa boti, chini kabisa), chini ya vibao vya kukalia, na kuzunguka kila msumari wenye doa jeusi. Ubao mmoja au miwili ikiwa laini, fundi atabadilisha. Mkuku ukiingia bisibisi kama ugali, mshukuru mwenyekiti uende nyumbani. Nyufa kati ya mbao zisikutishe sana: mbao kavu hunywea, na ukiizamisha boti siku kadhaa kwenye maji ya kina kifupi zitavimba na kukutana, ndipo utie kalafati ya pamba, yaani nyuzi za kuzibia nyufa.

Boti ya faiba igonge kwa sarafu. Mlio mkavu ni mzuri; ukibadilika ukawa mzito, tabaka zimeachana au kuna maji ndani.

Tanga usilihesabu. Jua la huku linakula nyuzi. Likichanika kwa vidole, shona jipya.

Siku ya kuvuta, nendeni asubuhi, maana alasiri upepo wa ziwa huleta mawimbi upande wa Kisumu. Vaeni gambuti kwa ajili ya kichocho, na muulize wavuvi viboko wamelala wapi kabla ya kukanyaga mafunjo. Kumbeni maji yaliyomo botini kwanza: mita moja ya ujazo ni kilo 1,000, na mkivuta nayo mtapasua hata mbao nzima. Kamba ifungwe chini, kwenye mkuku upande wa omo, kamwe si kwenye mlingoti. Pangeni magogo ya kuviringishia.

Mlingoti ung'oeni na kuupima kabla hamjaita kanta, lori dogo la kuibeba boti, kwa sababu mara nyingi huzidi urefu wa bodi ya gari, na ncha inayochomoza nyuma inataka kitambaa chekundu.