Jinsi ya kubaini kwa nini nakala mbili za jeni zimedumu

Jeni ikirudufiwa, nakala moja kwa kawaida hufa: mutesheni, yaani mabadiliko katika DNA, huibomoa kidogo kidogo hadi libaki gofu lisilotoa protini. Ukikuta zote mbili zimeishi mamilioni ya miaka, kuna kinachozishikilia.

Hatua ya 1: Hakikisha zote ziko hai. Pangilia mifuatano ya DNA kodoni kwa kodoni (kodoni ni herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja), utafute kodoni za kikomo, zinazosimamisha utengenezaji wa protini, zilizozuka katikati. Kisha linganisha kasi ya mutesheni zinazobadili asidi amino na ya zile zisizobadili. Uwiano ukiwa chini sana ya 1 kwa kila nakala, uteuzi asilia unazilinda zote.

Hatua ya 2: Je, ilirudufiwa jeni peke yake au jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe? Mababu wa hamira *Saccharomyces cerevisiae* walirudufisha jenomu nzima takriban miaka milioni 100 iliyopita, na jeni nyingi za protini za ribosomu (mtambo wa seli unaotengeneza protini) zimebaki mbili mbili. Sababu moja inayotajwa ni mizania: protini zinazoungana kuunda mtambo mmoja huhitaji kulingana kwa kiasi.

Hatua ya 3: Uliza jeni mama ilifanya kazi gani. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nawasihi wanafunzi wasiiruke. Mwaka 1970 mwanajenetiki Susumu Ohno alieleza kwamba nakala ya ziada iko huru kupata kazi mpya. Hoja hiyo ni nzuri kiasi kwamba mtu akiona kazi mbili tofauti huandika "kazi mpya" papo hapo. Tazama kwanza spishi iliyojitenga kabla ya urudufu. Katika hamira, jeni ya GAL1 hutengeneza kimeng'enya cha kuanza kuvunja galaktosi, na GAL3 huhisi kwamba sukari hiyo ipo. Ndugu yake *Kluyveromyces lactis* ana jeni moja tu, nayo hufanya yote mawili. Hakuna kazi mpya hapo; ni mgawanyo wa kazi za zamani. Bila kumwangalia ndugu huyo, ungetoa jibu lisilo sahihi kwa uhakika wote.

Wakati mwingine jibu ni wingi tu. Nakala zaidi za AMY1, jeni ya amilesi ya mate (kimeng'enya kinachovunja wanga), humpa mtu kimeng'enya zaidi.

Hatua ya 4: Ondoa nakala moja moja, kisha zote. Pima katika mazingira yanayohusu jeni hiyo. Hamira isiyo na GAL3 huchelewa sana kuanza kutumia galaktosi, lakini hatimaye huanza. Ukiikuza kwenye glukosi pekee, kuchelewa huko hutakuona.