Kiwanja cha mteremko: karakana chini, ofisi juu

Ukipata kiwanja cha majabali kama vile vya milimani Mwanza, usikimbilie kuchonga kilima chote upate tambarare. Kuvunja mwamba ni ghali, na kifusi ukikitandaza ujenge juu yake, nusu ya msingi itakaa kwenye mwamba na nusu itatitia. Hapo nyufa lazima zije.

Fuata mteremko. Karakana iwe chini, lori liingie moja kwa moja kutoka barabarani. Ofisi ikae juu yake, mlango wake ukitazama mlimani.

Ukuta wa nyuma wa karakana, ule unaozuia udongo, ndio wa kuutolea jasho. Maji yakijikusanya nyuma yake yanaweza kuusukuma kwa nguvu kuliko udongo wenyewe. Jaza kokoto, laza bomba lenye matundu chini kabisa likatoe maji nje, na upande wa juu chimba mtaro wa kuyakinga mapema. Michoro ya ukuta huo aifanye mhandisi, tafadhali, si fundi kwa kukadiria.

Mashine za karakana, kama randa na misumeno mikubwa, zipewe misingi yake isiyogusana na nguzo, la sivyo mtetemo utapanda hadi kwenye meza za ofisini.