Kuwaandaa matabibu wa eneo la vita: tunavyofanya huku Dodoma

Kama umepewa kazi ya kuwaandaa manesi na matabibu wanaoenda kuhudumia majeruhi sehemu yenye vita, cha kwanza punguza slaidi. Hawa watu shule wameshasoma, wengi wamekaa wodini miaka, shida ni kwamba hospitali imewazoesha taa, kitanda, boksi la glovu na daktari wa kumuita, na kule hakuna hata kimoja. Mikono yao inatakiwa ijue cha kufanya kabla kichwa hakijamaliza kuogopa.

Mpangilio wetu unatokana na TCCC (Tactical Combat Casualty Care), mfumo wa kuhudumia majeruhi vitani uliochapishwa 1996 na wanajeshi wa Marekani, baada ya kuona kwamba Vietnam askari wengi walikufa kwa kuvuja damu mikononi na miguuni, kitu ambacho kingezuilika. Tunaukariri kwa sauti: damu inayovuja, njia ya hewa, kifua, mzunguko wa damu, joto la mwili. Ubishi unaanzia hapo hapo maana wodini walifundishwa hewa kwanza. Waache wabishe kidogo, afu waulize: mshipa mkubwa wa paja umekatika, mtu anaweza kuisha ndani ya dakika 3, hiyo hewa uliyomfungulia itabebwa na nini?

Turniketi, yaani mkanda wa kubana mkono au mguu damu ikate, ndo ipewe muda mwingi kuliko kitu chochote. Risasi zikiwa bado zinalia, ifungwe juu kabisa ya mguu au mkono, juu ya nguo hivo hivo, kaza, mburute mtu mjifiche. Mkishapata usalama ndo unachana nguo, unatafuta jeraha, unaweka nyingine sentimita 5 mpaka 7 kutoka kwenye jeraha kwenda juu, kwenye ngozi, sio kwenye goti wala kiwiko, andika saa kwa maka peni. Imekaza sawasawa pale damu imekata na mapigo ya chini yake huyasikii. Sasa inauma vibaya sana, na nesi mwenye huruma akisikia mtu analia atalegeza, kwa hiyo yule anayeigiza majeruhi mwambie apige kelele, atukane, aombe afunguliwe kwa jina la mama yake. Wafunge kwa mkono mmoja, wafunge gizani, wajifunge wenyewe.

Kinenani na kwapani turniketi haishiki, hapo ni kujaza gozi (kile kitambaa cha kufungia vidonda) ndani ya jeraha na kukandamiza. Kwa hili nenda Msalato mnadani au bucha lolote nunua paja la mbuzi, toboa shimo refu, pitisha mpira wa dripu, chupani maji yenye rangi nyekundu na mtu anaminya. Mwanafunzi anaingiza kidole mpaka ajue damu inatokea wapi, anashindilia gozi pale pale, afu anakandamiza bila kuchungulia, dakika 3 kama gozi ina dawa ya kugandisha, ya kawaida mpeleke mpaka 10. Watachungulia tu, kila mtu anachungulia. Anza kuhesabu upya. (Paja hilo halichomwi baadae, najua mnavyowaza.)

Kifua kilichotobolewa: ziba kwa plasta maalum yenye tundu la kutolea hewa, mgonjwa akizidi kuhema kwa shida inua hiyo plasta kidogo hewa itoke. Dawa ya tranexamic acid, ya kusaidia damu isiendelee kuvuja, kama mnayo, iingie ndani ya masaa matatu tangu aumie.

Kwenye joto watakucheka, baridi gani Dodoma bwana, jua la saa nane mchana linaunguza hivi? Waeleze kwamba aliyepoteza damu anapoa hata juani, na mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Mkaushe, mtoe kwenye udongo, mfunike.

Baada ya hapo watoe nje. Makorongo yetu ya mchanga wakati wa kiangazi ni zawadi, machela yenye mtu wa kilo 80 watu wanne wakaibebe humo huku spika inapiga milio ya risasi, utajua nani anaweza kufikiri akiwa anahema. Siku ya mwisho leta majeruhi wengi kwa mpigo. Sisi wa mkoa huu tunakumbuka ajali ya treni ya Igandu, Juni 24, 2002, watu 281 walifariki, kwa hiyo hakuna anayeuliza zoezi hili la nini. Anayeweza kutembea aitwe pembeni, waliobaki wapangwe kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao, na kati yao weka mmoja aliyevaa sare ya adui mwenye hali mbaya kuliko wote. Atatokea wa kusema huyo muacheni. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema anatibiwa kwa uzito wa jeraha, na ni bora wagombane kuhusu hilo kwako kuliko kule.

Turniketi za mazoezi zipake rangi na zisiingie kabisa kwenye begi la safari, maana zikikazwa mara nyingi zinachoka na zinaweza kukatika siku unayozihitaji. Na kila baada ya miezi michache waite tena, mbuzi wapo.