Ukisikia "Watafiti Wamegundua": Namna ya Kusoma Habari za Ugonjwa wa Kupoteza Kumbukumbu

Huu ni mwaka wa sita namuuguza baba. Alianza kwa kuniuliza swali lilelile kabla sijamaliza kulijibu, na tangu habari ilipoenea katika ukoo, simu yangu haikosi ujumbe. Shangazi, majirani, wenzangu wa kazini, kila mmoja kasoma mahali kwamba watafiti wamegundua kitu. Wanatuma kwa upendo. Lakini upo mwaka mzima niliompa baba vidonge vya ginkgo, vitokanavyo na majani ya mti, asubuhi na jioni kwa sababu ya habari ya namna hiyo, wakati jaribio la wazee 3,069 nchini Marekani lilikwisha kuonyesha, mwaka 2008, kwamba vidonge hivyo haviuzuii ugonjwa huu. Jibu lilikuwapo miaka yote hiyo. Nilichokosa ni namna ya kulitafuta.

Siku hizi nina daftari. Kila habari inayoletwa naipa nusu ukurasa, na kitu cha kwanza ninachoandika ni nani aliyechunguzwa. Kama ni panya, naishia hapo. Panya hawaugui Alzheimer, aina ya ugonjwa huu iliyoenea zaidi, kama sisi. Hubadilishwa vinasaba ili ubongo wao ujae amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa, na dawa nyingi zilizowasaidia panya hao zilishindwa zilipofika kwa binadamu. Kama ni watu, tazama umri wao na magonjwa yao mengine. Baba ana miaka 79, ana presha na kisukari. Majaribio mengi ya dawa humwacha nje mtu kama yeye, kwa hiyo matokeo yake hayamhusu moja kwa moja.

Kisha uliza: watu hawa walitazamwa tu, au waligawanywa? Hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Kwa miaka mingi, tafiti za kutazama zilionyesha kwamba wanawake wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi hawaugui sana ugonjwa huu. Ilionekana kama kinga. Ndipo wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa homoni za estrojeni pamoja na projestini, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliopewa homoni waliugua mara mbili ya wenzao. Katika tafiti za kutazama, mara nyingi waliochagua homoni walikuwa tayari na afya bora na maisha yenye nafasi, na hayo ndiyo yaliyoonekana kama kazi ya dawa. Kwa hiyo litafute neno "bahati nasibu" katika habari. Usipoliona, andika daftarini "bado ni dokezo".

Tena kumbuka kwamba ugonjwa huanza ndani ya ubongo zaidi ya miaka kumi kabla ya dalili. Ukisoma kwamba wanaojitenga na watu huugua zaidi, jiulize kama kujitenga ndiko kulikoleta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioanza kuwatenga. Baba aliacha kwenda kuwaona rafiki zake miaka mitatu kabla ya sisi kushtuka.

Sasa asilimia. Mwaka 2022 dada yangu alinipigia akilia kwa furaha: dawa iitwayo lecanemab imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Tuliitafuta taarifa kamili, tukaisoma pamoja. Watu 1,795 waliokuwa katika hatua za mwanzo walifuatiliwa kwa miezi 18. Makundi yote mawili, waliopewa dawa na wasiopewa, yaliendelea kudhoofika, na tofauti kati yao ilikuwa alama 0.45 katika kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 18. Karibu mmoja kati ya wanane waliopewa dawa alionekana kwenye picha kuwa ubongo wake umevimba, ingawa wengi wao hawakuhisi dalili yoyote. Si habari ya kupuuzwa, na kwa mgonjwa wa mapema inafaa kuzungumzwa na daktari. Ila baba alikuwa amekwisha kupita hatua hiyo, na ilitubidi tukubali. Ukiona asilimia, uliza ni asilimia ya nini. Hatari ikipanda kutoka watu 2 kati ya 100 hadi 3, gazeti linaweza kuandika "asilimia 50" bila kusema uongo.

Iko asilimia nyingine iliyonikosesha usingizi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu katika jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14, yakiwemo presha, uziwi, uvutaji sigara na upweke, likasema karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha ya baba haikutibiwa kwa miaka mingi, nami nilijilaumu. Usijilaumu. Hesabu hiyo ni ya umma mzima. Haiwezi kukuambia kama mzazi wako angeuepuka ugonjwa.

Na pale ushahidi unapokuwa nusunusu, pima madhara. Jaribio la vifaa vya kusaidia kusikia, lililotangazwa mwaka 2023, liliwafuatilia watu 977 kwa miaka mitatu. Kwa kundi zima hakukuwa na tofauti kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa. Kwa waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu, kumbukumbu na fikra zilididimia polepole zaidi kwa asilimia 48. Nilimpeleka baba apimwe masikio. Kusikia vizuri ni faida hata kama kumbukumbu haitanufaika.

Haya yote ni kwa mambo yanayoweza kungoja. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, weka simu chini umpeleke hospitali. Huenda ni maambukizi au dawa anazotumia.

Mwisho wa kila nusu ukurasa naandika swali moja la kumuuliza daktari, moja tu, maana muda wake ni mfupi. Kisha namjibu aliyenitumia. Juzi nilimwandikia shangazi: "Shikamoo shangazi. Asante, nimeisoma yote. Bado wako kwa panya. Baba leo amelala vizuri, na asubuhi ameniita kwa jina langu."